Hapa Kwetu Inaonekana Vizuri

Kuna maneno manne ambayo siku hizi nikiyasikia damu inanichemka: hapa kwetu inaonekana vizuri. Niliyasikia mara tatu kwa simu na mara moja uso kwa uso, yote katika muda wa mwezi mmoja, kutoka kwa bwana mmoja aitwaye Micah, anayekalia kiti cha kuzunguka katika orofa ya tatu, katikati ya mji wa Nakuru. Kinachonikera zaidi ni kwamba Micah hakuwa akidanganya. Kwake ilikuwa inaonekana. Waliohitaji kuiona ndio hawakuona kitu.

Lakini hii si habari ya Micah. Ni habari ya jirani yangu Mugure, mwenye duka la kompyuta hapa Bondeni, lile ambalo sote tunaliita saiba. Mimi ni fundi wa nguo, na ukuta unaotutenganisha ni wa plaiwudi. Akikohoa upande wake, mimi ndiye ninayemuuliza kama amekunywa dawa. Kwa hivyo nikisema alisema hivi au vile, nilisikia kwa masikio yangu, na pale ambapo sikusikia nilikuwepo nikaona.

Mugure ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Kabazi, kwa baba mkulima wa pareto, akajifunza kupiga chapa kwenye taipureta mwaka uleule ambao taipureta zilikuwa zinatupwa, ikabidi aanze upya na kompyuta. Alifanya kazi miaka tisa kwenye ofisi ya shamba la maua upande wa Naivasha. Aliondoka huko kwa ugomvi: mkubwa wake alimwambia afupishe majina ya wafanyakazi ili yaenee kwenye jedwali, naye akajibu kwamba mtu hafupishwi. Ndivyo alivyo. Ukutani kwake amebandika tangazo aliloliandika mwenyewe: "Usiseme haraka. Sema unataka nini." Wateja wanacheka, halafu wanasema wanachotaka.

Kazi zake ni zile za saiba zote. Ripoti za kodi, cheti cha tabia njema, matokeo ya mtihani, programu za mazishi zenye picha ya marehemu juu. Na ana muhuri. Muhuri wa mpira wenye jina la duka na tarehe inayozungushwa kwa kidole kila asubuhi. Hauna nguvu yoyote kisheria, yeye mwenyewe anakwambia hivyo, lakini watu wetu hawaamini karatasi isiyogongwa. Mzee anaweza kusimama hapo mlangoni na barua yake mkononi, haondoki, mpaka Mugure aelewe kinachosubiriwa. Zamani alikuwa anabishana nao, lakini siku hizi anagonga tu.

Mwanzoni mwa Februari tangazo lilisomwa makanisani kule Kabazi na kote Subukia. Lilitoka kwa Kampuni ya Wakulima ya Holisi. Holisi alikuwa mlowezi, na alipoondoka, familia mia sita na kumi na mbili zilichanga zikanunua shamba lake, kila mwanachama akaandikwa kwenye rejista kubwa, jina, kipande chake cha ardhi, na dole gumba. Hati miliki hazikuwahi kutoka kwa watu wengi. Sasa kampuni ilikuwa inasema inatayarisha orodha ya mwisho ya kutolea hati. Rejista imepigwa picha, kurasa zote sitini na mbili, ikawekwa kwenye tovuti. Mwenye pingamizi ajaze fomu, aandike namba ya ukurasa na namba ya mstari anaoupinga, airudishe kabla ya saa sita mchana tarehe tano Machi. Rejista yenyewe haitafunguliwa kwa mtu yeyote kwa sababu imezeeka. "Tumeenda dijitali," tangazo lilisema, kwa fahari kabisa.

Hebu fikiria jambo hilo. Mtu aliyeweka dole gumba lake kwenye kitabu akiwa kijana, leo ana miaka themanini, anaambiwa asikikaribie kitabu hicho maana kimezeeka. Akakitazame saiba.

Tarehe kumi Februari alikuja Mama Jamleck. Ni mjane wa miaka sabini na sita, mfupi, mwenye sauti ndogo na mkoba mkubwa. Mumewe Muiruri alikuwa mmoja wa wale mia sita na kumi na wawili, na amezikwa kwenye shamba hilohilo, ekari nne, chini kidogo ya nyumba. Kadi yake ya uanachama ilipotea mwaka ule wa vurugu za uchaguzi pamoja na nusu ya vitu vya nyumba. Mwezi wa Disemba walikuja watu wakapima, wakachimbia mawe ya mipaka upande wa kaburi, na mmoja wao akamwambia bila kumtazama kwamba kipande hicho kina mwenyewe. Mwenyewe nani? Hakujibiwa. Jibu lilikuwa kwenye rejista, kwenye ukurasa asioujua na mstari asioujua, na bila namba hizo mbili fomu yake ilikuwa haina kazi.

Mugure akaandika anwani, ukurasa ukafunguka. Juu kulikuwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa, na chini yake REJISTA YA WANACHAMA WAANZILISHI. Halafu masanduku. Sanduku tupu, na kwenye pembe yake kialama kidogo cha picha iliyopasuka, na neno "Ukurasa 1". Sanduku lingine tupu, "Ukurasa 2". Hivyo mpaka sitini na mbili.

Nilimsikia akiguna. Kwanza aliangalia kama picha zimezimwa, maana nusu ya wateja wetu wanazima picha kwenye simu ili bando lidumu, halafu wanakuja kulalamika. Hazikuwa zimezimwa. Akaupakua ukurasa upya. Akafungua kwa programu nyingine. Akafuta kumbukumbu ya kompyuta. Akaacha intaneti ya duka akatumia bando la simu yake. Masanduku yakabaki vilevile.

"Cucu, ni network," akasema, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Kuja Alhamisi tujaribu tena."

"Niprintie," akasema Mama Jamleck.

"Nikuprintie nini, na hakuna kitu?"

"Jina la kampuni si liko hapo?"

"Liko."

"Na hizo nyumba za picha?"

"Ziko, lakini hazina picha ndani, cucu. Ni karatasi tupu utapeleka nyumbani."

"Basi printi vile iko. Nimetoka Kabazi, siwezi rudi mikono mitupu. Na uweke muhuri."

Mugure akaniita kupitia ukuta nije nimsaidie kumweleza mama huyu. Sikufua dafu. Kwa Mama Jamleck, kampuni ilikuwa imetoa kitu, na kitu kikitolewa na kampuni unakichukua, unakiweka. Mwishowe Mugure akaprinti karatasi moja yenye masanduku sita, akaigonga muhuri kwa kishindo, akampa. Mama akaikunja mara mbili akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Mugure alidhani ni mama huyo tu. Wiki hiyo walikuja wengine saba. Wiki iliyofuata kumi na watano. Wote masanduku matupu, na wote, nisije nikaitwa mwongo, walitaka yaprintiwe. Mzee mmoja aliomba nakala mbili, moja ya mtoto wake. Mugure alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakauka. "Nawauzia hewa, Mama Shantel!" aliniambia. "Watu wazima wanatoka hapa na hewa imegongwa muhuri!" Aliona aibu kuwatoza, akaacha kuwatoza, lakini kuprinti hakuacha, kwa sababu alishindwa kuwafukuza.

Alipiga simu ofisini kwa kampuni, kwa spika. Ndipo tulipomjua Micah, afisa wa tovuti.

"Madam, hapa kwetu inaonekana vizuri," alisema. "Labda ni bundles zako."

"Niko na Wi-Fi."

"Basi browser yako ni ya zamani. Update."

Akabadilisha programu. Masanduku. Akapiga tena baada ya siku nne. "Hapa kwetu inaonekana vizuri. Huko kwenu network si ndio shida kila siku?" Huko kwetu! Kutoka Bondeni hadi ofisini kwake ni mwendo wa robo saa kwa mguu. Nilikuwa na mkasi mkononi, na namshukuru Mungu simu haina shingo.

Na hapa nitasema jambo ambalo Mugure mwenyewe halifichi. Alimwamini. Micah alisema kwa sauti ya mtu anayejua, naye akaanza kushuku vyombo vyake mwenyewe. Siku kumi na nane nzima aliwaambia wazee ni network, ni network, warudi Alhamisi, warudi Jumatatu. Wengine wanatembea saa nzima kufika barabarani.

Tarehe ishirini na nane Februari, saa nne asubuhi, aligonga ukuta.

"Mama Shantel, kuja uone ujinga."

Alikuwa amefungua kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona, maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, yale ambayo kompyuta inayasoma ndipo ituchoree tunachokiona. Alinieleza taratibu. Kila picha kwenye ukurasa ina anwani yake, na anwani hiyo inaiambia kompyuta ya msomaji ikaichukue wapi. Picha ikiwa kwenye tovuti, anwani inakwenda kwenye tovuti. Akaweka kidole kwenye kioo. Anwani ya picha ya kwanza ilianza na herufi C, ikafuatwa na jina Micah, ikafuatwa na Desktop. Ya pili hivyohivyo. Zote sitini na mbili.

"C ni wapi?" nikauliza.

"Ni ndani ya kompyuta yake. Hizo picha hazijawahi kutoka kwa meza yake. Anaambia watu wa Kabazi wakazichukue kwa kabati lake, na kabati liko ofisini, limefungwa."

"Na vile anasema kwake inaonekana?"

"Si lazima ionekane? Ziko kwake!"

Hasira yake ya kwanza ilimwendea yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema angepaswa kutazama nyuma ya ukurasa siku ya kwanza, dakika mbili tu, kabla ya kumwambia mama wa watu kwamba ni network. Nilimwambia si yeye aliyeweka picha kwenye kabati. Hakunisikia. Akampigia Micah, akamweleza kosa liko wapi na linarekebishwa vipi, neno kwa neno, kwa adabu ambayo mimi nisingeiweza.

"Madam, sasa unanifunza kazi? Hapa kwetu inaonekana vizuri. Lakini sawa, nitaangalia."

Hakuangalia. Jumamosi masanduku, Jumapili masanduku, Jumatatu masanduku. Jumanne tarehe nne Machi, siku moja kabla ya mwisho, Mugure akafunga saiba mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mama yake. Alikuwa amempigia Mama Jamleck aje mjini. Nami nikafunga. Nilimwacha mteja wangu na gauni lenye mkono mmoja, na nikipata nafasi nyingine kama ile nitamwacha tena.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na zulia, ua la plastiki, karani mmoja wa kike kwenye meza ya mbele, na Micah kwenye kona. Ni mtu wa makamo, mnene kiasi, shati safi. Alitukaribisha vizuri, lazima niseme. Mugure akamwomba amwonyeshe ukurasa.

Micah akagonga alama moja kwenye kioo cha kompyuta yake mara mbili, tap tap. Ukurasa ukafunguka, na picha zote zilikuwepo. Karatasi za kahawia, mistari, wino wa buluu, madole gumba yamepangana upande wa kulia. Mama Jamleck alisimama kutoka kwenye kiti chake akasogea, lakini Micah alikuwa ameshageuza kioo upande wake.

"Mmeona? Inaonekana."

"Rudisha hiyo screen," Mugure akasema. "Asante. Sasa soma hapo juu kabisa, kwa address, ukianza na herufi ya kwanza. Kwa sauti."

"C," akasoma Micah.

"Hiyo si website, boss. Umefungua faili yako ya desktop. Kila siku ukitaka kuangalia unagonga hapo. Sasa toa simu yako, uandike address vile iko kwa tangazo, kama mtu wa Kabazi."

Micah akatoa simu. Akaandika. Tulisimama tukimtazama, na nikaona uso wake ukibadilika polepole kadiri kidole kilivyoteremka. Karani naye alikuwa ametoa simu yake. Akaitazama, akasema, "Ai, Micah."

Masanduku matupu sitini na mbili. Katika siku ishirini na tisa huyu bwana hakuwahi hata mara moja kuandika anwani ya tovuti yake mwenyewe.

Aliomba msamaha kwa kunong'ona, akainama kwenye kibodi. Akazipandisha picha kwenye tovuti, akazisahihisha anwani zote. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na tano. Wazee wamesumbuliwa mwezi mzima kwa kazi ya dakika ishirini na tano, na kwenye ofisi hiyo hakuna aliyeona haya ila karani.

Ndipo meneja akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Mugure akaeleza. Meneja akasikiliza akitikisa kichwa, akatoa simu yake, akafungua tovuti, akatuonyesha. Picha zote zilikuwepo, safi kabisa.

"Basi kama kulikuwa na shida imeisha," akasema. "Deadline ni kesho saa sita."

"Watu wa Kabazi wataona saa ngapi, na kesho saa sita ndiyo mwisho?" Mugure akauliza. "Tunaomba siku thelathini zingine, zianze leo."

"Za nini? Website iko hewani tangu tarehe tatu Februari. Nani anasema ilikuwa haionekani?"

"Micah amejionea saa hii. Na huyu dada."

Meneja akamgeukia. "Micah, kulikuwa na shida?"

Micah alitazama kibodi. Akafuta vumbi kwenye kitufe kimoja, nami nikadhani Mungu anamsaidia. Halafu akasema, "Hapa kwetu ilikuwa inaonekana vizuri, sir." Karani akafungua droo akaanza kutafuta kitu.

Mugure akatoa simu yake, akaanza kupekua picha alizopiga. Nilielewa baadaye, aliponieleza. Kwa kumshinikiza Micah arekebishe, alikuwa amefuta alama zote za kosa. Yeye mwenyewe hakuwa ameweka hata picha moja ya skrini. Sasa kila simu duniani ingeonyesha tovuti nzuri, na kampuni ingesema imekuwa hivyo tangu mwanzo, na wazee wangeonekana wavivu wasiojua kufungua simu. Alikuwa ameisafishia kampuni nyumba kwa mikono yake.

Mama Jamleck akasogea mbele. Akafungua mkoba wake, akatoa kitabu cha nyimbo, akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya meza ya karani na kuilainisha kwa kiganja.

"Na hii je?"

Meneja akaitazama, akacheka kidogo. "Cucu, hiyo ni karatasi tupu."

"Eeh. Ndiyo hiyo mlinipatia."

Mugure akaichukua. Akasoma juu, akasoma chini. Kila karatasi inayoprintiwa kutoka kwenye tovuti inajiandika yenyewe juu na chini, naye alikuwa ameprinti ngapi bila kufikiria hilo. Juu: tarehe kumi Februari, saa tano na dakika arobaini na mbili. Katikati: jina la kampuni na masanduku sita yenye vialama vya picha iliyopasuka. Chini: anwani ya tovuti, herufi kwa herufi. Na pembeni muhuri wake, umegongwa kwa hasira, tarehe ileile.

"Hiyo ni moja," meneja akasema, lakini hakuwa anacheka tena.

"Kwangu pekee nimeprinti arobaini na tatu," Mugure akasema. "Na hakuna hata mtu mmoja ametupa yake. Mimi nawajua. Kesho saa tatu tutakuwa hapa. Ukikataa, tunashuka ngazi pamoja nazo tunaenda kwa afisa wa ardhi."

Jioni ile simu zilipigwa, watu wa kanisa wakaambizana. Kesho yake saa tatu walikuja thelathini na mmoja, na wengine walituma zao. Lifti ilikuwa mbovu. Walipanda ngazi mpaka orofa ya tatu, wanapumzika kila kona, wamevaa makoti ya Jumapili, na kila mmoja na karatasi yake tupu: kwenye Biblia, kwenye bahasha, kwenye mfuko wa plastiki, moja imebandikwa kwenye kadibodi isijikunje. Tarehe kumi na mbili Februari, tarehe kumi na nne, kumi na tisa, ishirini na tatu. Zilipangwa juu ya zulia kutoka mlangoni mpaka kwenye ua la plastiki. Mwezi mzima wa kutoona kitu, umeandikwa saa na dakika.

Mimi niliyekuwa nawacheka kupitia ukuta wa plaiwudi nilisimama hapo nikajionea haya.

Meneja alizipitia, akasema vizuri, kampuni itazichukua iziweke kwenye faili. Mzee aliyekuwa karibu naye akaivuta ya kwake kifuani.

"Toa kopi," akasema.

Ikabidi watoe kopi, moja moja, mpaka ya mwisho, huku wenye karatasi wakisimama kando ya mashine kuhakikisha zinarudi. Kabla ya saa sita barua ilikuwa imeandikwa: siku thelathini mpya kuanzia siku hiyo, na rejista yote iprintiwe ibandikwe kwenye ukuta wa kanisa kule Kabazi, ambako hakuhitajiki bando. Meneja akatia sahihi. Wazee hawakusogea. Mugure akamwambia kinachosubiriwa, na meneja akaenda kutafuta muhuri.

Watu wameniuliza kama Micah alifanya makusudi. Mugure anasema hapana, ni mvivu tu asiyependa kuulizwa, na kosa lenyewe hata mwanafunzi hulifanya. Mimi sina moyo mwepesi hivyo, na mtaona kwa nini.

Alasiri ile Mama Jamleck alikuja saiba. Mugure akafungua rejista, akaanza kumsomea majina, mama akamzuia.

"Usisome. Shusha tu polepole. Mimi nitamjua."

Hakuwa anatazama majina. Alikuwa anatazama upande wa kulia, kwenye madole. Muiruri akiwa kijana alikatwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe, kidole gumba cha kulia, kovu la kukingama. Kurasa zikapita. Kumi, ishirini, thelathini. Mugure alikuwa anashusha kwa utaratibu wa mtu anayebeba maji yaliyojaa.

"Simama," akasema Mama Jamleck.

Ukurasa wa thelathini na saba, mstari wa tisa. Dole gumba la wino uliofifia, na katikati yake mstari mweupe uliokingama. Mama akanyoosha mkono akaligusa kwenye kioo. Hakulia. Alisema tu, "Ndiye huyu," kama mtu anayemtambulisha mumewe kwa wageni.

Kisha tukatazama kushoto, kwenye jina. "Muiruri" lilikuwa limepigwa mstari kwa rula. Juu yake kulikuwa na jina lingine, la mtu ambaye hakuna anayemjua Kabazi, kwa wino mweusi unaong'aa, wakati ukurasa mzima ni buluu iliyopauka. Hata mimi nisiyejua kompyuta niliona. Mtu yeyote mwenye macho angeliona tangu siku ya kwanza, kama picha ingeonekana. Nilitamka neno ambalo fundi wa nguo za harusi hapaswi kulitamka, na Mugure, ambaye huwa ananikemea, hakunikemea.

Akaprinti ukurasa huo mara mbili, akagonga muhuri. Akaiweka fomu ya pingamizi mbele ya mama na kumuuliza kama amjazie.

"Nitaandika mwenyewe," akasema.

Akashika kalamu kwa vidole vyote vitano. Aliandika 37, akapumzika. Aliandika 9. Pale chini, penye nafasi ya sahihi, aliiweka kalamu kando, akanyoosha dole gumba lake, akamwomba Mugure wino.